Siku ya Verni

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, na sitangoja ipoe. Watu wa atelye yetu, karakana yetu ya sanaa, wanapenda kusimulia siku ile kwa kicheko: jinsi mzee wetu, papa mchongaji, alivyoelewa neno la Kifaransa, jinsi wageni walivyonasa kwenye benchi. Wakifika kwenye benchi wanapiga mapaja. Mimi ninainuka na kutoka nje, kwa sababu baada ya benchi kuna mtoto wangu, na hapo hakuna anayetaka kufika.

Atelye iko Lubunga, ng'ambo ya mto ukitoka mjini, kwenye depo kuukuu ya mizigo karibu na reli. Tuko watatu ndani yake. Papa mchongaji ana umri wa baba yangu na anachonga vinyago. Tonton wa vibao, yaani mjomba kwa Kifaransa, anaandika majina ya maduka na salon za nywele. Mimi ninachora wanawake wa soko juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Chumba ni kimoja, meza ni moja, dirisha ni moja, na kwa muda mrefu mvua ilikuwa inatunyeshea humo ndani kama tuko barabarani. Tulipofaulu kuezeka mabati mapya, nilisema tufanye fete, sherehe. Tena si ya kunywa tu na kurudi nyumbani. Tutundike kazi zetu ukutani, watu waje kuziona. Nilikuwa nimewasikia wasanii wa Makiso, kule mjini, wakiita jambo hilo kwa jina lake, nami nikalisema vile vile: "Jumamosi tutafanya vernissage."

Hakuna aliyeniuliza maana yake. Wanaume wa hapa wakisikia Kifaransa wasichokijua wanaitikia kwa kichwa na kutazama pembeni. Papa mchongaji alisikia ndani ya neno lile kitu kimoja anachokifahamu: verni, ile ya kung'arisha mbao. Kwake ikawa siku ya kupaka verni. Yeye mwenyewe hajawahi kuitumia, vinyago vyake anavisugua kwa dawa ya viatu, lakini hakutaka kuaibika mbele ya wageni. Akatafuta kopo sokoni, akaja asubuhi na mapema kabla yetu, akapaka.

Nilifika na mtoto mgongoni, mama mkwe wangu nyuma yangu na sufuria ya pondu, majani ya mihogo, kichwani. Harufu ilitupokea tukiwa bado njiani. Ndani kila kitu kiling'aa: vinyago, vibao, picha zangu tatu ambazo rangi ilikuwa haijakauka sawasawa, mlango, na benchi.

"Papa, umefanya nini?"

"Si weye ulisema vernissage? Nimepaka verni. Yote. Ata benchi."

"Vernissage ni kuonyesha picha, papa! Si kupaka!"

"Donc, juu ya nini banaiita vernissage?"

Tonton wa vibao alikuwa amejishika kiuno kwa kucheka. "Leo bageni batarudi kwao na benchi kwenye matako," alisema.

Nilipiga kelele mpaka nikachoka. Wageni walikuwa wameshaalikwa, samaki walikuwa wameshaungwa, na wale wenye spika ya muziki walikuwa wanavuta waya mlangoni. Tukafungua dirisha. Mimi niliogopa moto tu. Chumba kizima kilikuwa kinanuka kama taa iliyomwagika, na mama mkwe alikuwa amekuja na mbabula, jiko la makaa, ili akaange makemba, ndizi zetu. Niliibeba mbabula ile mwenyewe mpaka nyuma ya ukuta, mbali. Niliwakataza wanaume kuvuta sigara ndani. Mmoja alipotoa kiberiti nilimnyang'anya mkononi. Mchana kutwa nilikuwa ninatazama moto. Hofu yangu ilikuwa imesimama mlangoni, na kitu chenyewe kilikuwa juu ya meza.

Verni ile ilikuwa nzito, kopo la siku nyingi. Papa mchongaji aliichanganya na petroli ya taa, mafuta ya kuwashia taa, ili iwe nyepesi, na petroli iliyobaki aliiacha kwenye chupa ndogo ya maji ya kunywa, juu ya meza ambako alikuwa anafanyia kazi. Hakumwambia mtu. Kisha wasichana wa jirani wakaja kusaidia, wakatandika kikwembe, kitenge kizuri, juu ya meza ile ile, wakapanga sukre, soda za chupa, kwa wanawake na watoto, lotoko, pombe yetu kali, kwa wanaume, na maji. Chupa ya petroli waliipanga kwenye mstari wa maji. Ningekuwa mimi ningeipanga hapo hapo. Lotoko yetu ni nyeupe, petroli ni nyeupe, maji ni meupe.

Fete ilikuwa nzuri, lazima niseme. Watu walijaa. Mama mmoja muuza mihogo alisimama mbele ya picha yangu akasema yule ni yeye, anautambua mgongo wake, akamwita dada yake aje kuona mgongo wake. Diakoni aliyevaa suruali nyeupe alikaa kwenye benchi, na alipotaka kuinuka aliinuka nayo. Hapo ndipo watu walipocheka mpaka muziki haukusikika tena.

Binti yangu alikuwa amejifunza kutembea si zamani, na jambo lake jipya lilikuwa kunywa kwenye chupa mwenyewe, kwa mikono miwili, kidevu juu. Kila kinywaji kwake kiliitwa "mayi". Mimi nilikuwa ninasaidia kumbandua diakoni. Nyuma yangu nikasikia kicheko kingine, kidogo zaidi.

"Angalia sura yake! Mutoto ameonja lotoko!"

"Ule atakuwa mulevi kama koko yake!" Walimaanisha babu yake.

Niligeuka. Alikuwa amekaa chini karibu na meza, amekunja uso, ulimi nje, chupa mapajani. Watu watatu walikuwa wamemwinamia wakicheka. Ndipo akakohoa. Alikohoa tena, akakosa hewa, akarudi kukohoa, na macho yake yakanitafuta. Nilimwinua, nikanusa kinywa chake.

"Petroli," nilisema. Nafikiri nilisema polepole, kwa sababu hakuna aliyesogea. Nikapiga kelele. "Ni petroli! Nani ameweka petroli kwenye meza?"

Papa mchongaji alishika kichwa kwa mikono miwili. Muziki uliendelea kupiga, hakuna aliyefikiria kuuzima.

Mama mkwe wangu alitoka nyuma ya ukuta mbio, mwiko mkononi. Sijawahi kumwona akikimbia. "Mafuta ya ngazi! Leteni mafuta ya ngazi! Atapike sahi, atapike yote!" Na kila mtu akapata sauti. Atapike. Mutie kidole. Mupe mafuta na chumvi. Mugeuze kichwa chini. Mtu alishaleta chupa ya mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese ya kukaangia makemba, mama akanyoosha mkono kumchukua mtoto, na mimi nilikuwa karibu kumpa. Mtu asidhani nilikuwa na akili kuliko wao. Mikono yangu ilikuwa imeshalegea.

Kilichonizuia ni kopo la verni, pale dirishani, mbele ya macho yangu. Nilisoma mpaka nikapata diploma ya sekondari, na macho yangu yana tabia ya kusoma kila kitu, hata pakiti ya chumvi. Nyuma ya kopo kulikuwa na msalaba mwekundu na maandishi madogo ya Kifaransa. Nikayasoma: ina mafuta ya jamii ya petroli; ikimezwa, usimtapishe aliyemeza; mpeleke kwa daktari.

"Mama, apana," nilisema. "Kopo inasema asitapishwe."

"Kopo?" Mama alisimama. "Kopo ndiyo inasema?"

"Imeandikwa hapa."

"Mundele, ule muzungu wa kopo, anajua mutoto yetu? Nimezala batoto munane, weye bokilo, mukwe wangu. Sikusoma kopo ata moja! Leta mutoto!"

"Sileti, mama."

"Leta!"

Watu walikuwa upande wake wote. Tonton wa vibao, aliyezoea kunitania, alinishika bega na kusema taratibu, "Dada, usikie mama. Weye iko bado kijana." Nilimpiga kiwiko. Nilimfunga mtoto kifuani kwa kikwembe, nikatoka. Nyuma yangu nilisikia sandali za mama zikinifuata.

Ngoja niseme nilichokuwa ninaogopa wakati huo, kwa maana watu wananisifu sasa kama vile nilijua. Sikujua chochote. Maandishi yale yalikuwa ya verni, na mtoto alikunywa petroli tupu. Labda si kitu kimoja. Nilikuwa nimewakatalia watu wazima wote kwa ajili ya mistari miwili nyuma ya kopo kuukuu. Kama atakufa, atakuwa amekufa kwa sababu mimi ninapenda kujua. Wangesema hivyo kwenye matanga, na mume wangu angelisikia. Alikuwa Ubundu kununua samaki, simu yake haikupatikana, na nilishukuru, maana angeniambia nimsikilize mama yake.

Kwenye kituo cha afya cha jirani kulikuwa na muuguzi mmoja. Aliweka sikio kwenye kifua cha mtoto, akahesabu pumzi kwa midomo. Nikamuuliza, nimtapishe au nisimtapishe? Akamtazama mama, akanitazama mimi. "Bon," alisema, "kuna benye banatapisha, kuna benye apana." Kisha akasema pumzi inaenda mbio, oksijeni hapa hakuna, tuvuke haraka twende hospitali kubwa.

Kwa hiyo tulivuka. Mtumbwi wa injini ulikuwa umetoka kuondoka, tukachukua wa kasia. Mwenye mtumbwi alifanya kama wanavyofanya siku zote: kwanza alipanda na ukingo, kuelekea juu, ili akikata katikati mkondo umshushe mpaka bandarini. Nimevuka hivyo tangu utotoni. Siku hiyo nilipoona hospitali iko mbele yangu na mtu huyu anaenda pembeni, nilimtukana.

"Mama, nikikata hapa mutoto atafika kesho," alinijibu, wala hakukasirika.

Mtoto alikuwa ameacha kulia. Hilo lilikuwa baya kuliko kulia. Pua yake ilifunguka na kufunga, ngozi ilizama kati ya mbavu kila alipovuta hewa, na kope zilikuwa zinashuka. Nilimpuliza usoni. Nilimwita. Alinitazama kama mtu anayenijua kwa mbali. Maji pande zote, mapana, ya kahawia, na sauti ya kasia tu. Kila pumzi niliingoja, na kabla haijaja nilikuwa nimeshamzika.

Mama alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana. "Anaenda," alisema. "Munaona? Anaenda." Na akatoa ndani ya kikwembe chake ile chupa ya mafuta mekundu. Alikuwa ameibeba muda wote.

"Mama, rudisha."

"Kidogo tu. Kijiko kimoja."

"Rudisha!"

Aliinuka nusu, akamshika mtoto mguu. Nilimsukuma kwa bega. Mtumbwi ulilala upande mmoja, maji yakaingia miguuni mwetu, na mwenye mtumbwi akapiga yowe.

"Bamama! Mukipigana humu tutakunywa mayi sisi wote! Mukae! Mukae chini!"

"Mama," nikasema, "ukimugusa nitaruka na yeye ndani ya mayi."

"Weye iko na wazimu."

"Ndiyo."

Aliniangalia akaona ninasema kweli. Sijui kama ningeruka. Yeye alijua, au alidhani amejua, maana aliuachia mguu wa mtoto na akakaa ndani ya maji yaliyoingia. Alishika chupa kwa mikono miwili. Nilingoja matusi. Badala yake akaanza kusema na goti langu, kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi sikuwa na uso.

"Ule wangu wa tatu alikunywa petroli. Ya taa. Nilikuwa kwenye shamba. Banakuja kuniita, ninakimbia, ninamutapisha na mafuta. Akatapika yote, yote. Nikasema asante Mungu." Akaibana chupa mapajani. "Akakufa tu. Asubuhi yake. Baliniambia nilichelewa. Kama ningemutapisha mbele, angepona. Nilichelewa, bokilo. Leo sikuchelewa. Niko hapa. Weye ndiye unanichelewesha."

Mwenye mtumbwi alikuwa anapiga kasia tu. Mimi nilikuwa nimeolewa kwenye nyumba ile miaka kadhaa na sikuwahi kusikia habari za mtoto huyo. Nilimkumbatia wangu zaidi. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia mama pale pale, lakini sikumhurumia. Niliogopa tu, mara mbili zaidi, kwa sababu sasa nilijua kwamba kitu hiki kweli kinaua watoto, na kwamba mtu aliyeketi mbele yangu alikuwa tayari kufanya lolote asichelewe. Mpaka bandarini sikuondoa macho kwenye mikono yake.

Hospitalini walimpokea haraka, lazima niseme hilo pia. Walimwekea mpira wa oksijeni puani, wakampiga picha ya kifua, wakanikataza kumpa ziwa. Alilitaka. Alikuwa anavuta blauzi yangu kwa mkono dhaifu, na mimi ninaushusha mkono, anauinua tena. Mama alikaa kwenye sakafu ya korido, mgongo ukutani, chupa pembeni, hakuomba kuingia. Tulikaa hivyo, yeye upande wake na mimi wangu, na ninachokumbuka ni kifua kile kidogo kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, na mimi ninapumua pamoja nacho mpaka kizunguzungu kinanishika.

Asubuhi pumzi yake ilikuwa imetulia. Ngozi haikuzama tena kati ya mbavu. Alimkasirikia muuguzi, akautupa mpira, akadai kula. Daktari akaja, kijana, ana haraka, akamsikiliza mgongoni huku na huku. Mama alikuwa amesogea mlangoni. Daktari akazungumza nami kwa Kifaransa, mbio mbio, jinsi wanavyozungumza na mtu waliyeambiwa amesoma. Alisema mapafu yamechafuka kidogo tu, atapona. Alisema nilifanya vizuri sana kutomtapisha. Petroli ikibaki tumboni si mbaya sana, alisema. Ikirudi juu kwa kutapika ndiyo inaingia kwenye mapafu, na hapo watoto ndipo wanapokufa. Alisema kila mwezi wanaletewa watoto waliouawa na bibi zao na mafuta yao ya ngazi. Alilisema lile la mwisho akitabasamu, hayo "mafuta ya ngazi" akiyataja kwa Kiswahili, kama jambo tunalolijua sisi wawili. Nilitamani kumziba mdomo kwa mkono.

Alipoondoka, mama aliingia. Hana Kifaransa. Ana "bonjour" na "merci" na majina ya dawa.

"Munganga anasema nini?"

Watu wanaonijua wanajua mimi sipambi maneno. Nimegombana na wachungaji, na wenye nyumba, na walimu wangu. Na tangu mtumbwini nilikuwa nimebeba maneno ya kumwambia mwanamke huyu, mazito, yamejipanga tayari. Nilimtazama. Alikuwa amevaa kikwembe cha fete, kimekauka na tope chini. Mikono yake alikuwa ameiweka nyuma.

"Anasema atapona," nilisema.

"Asante Mungu. Na kutapisha? Nilisikia anasema mafuta."

Alikuwa amesikia jina la mafuta. Sikuweza kumwambia kwamba hakuna kilichosemwa. Wala sikuweza kumwacha aamini bado, kwa maana yeye ndiye anayebaki na watoto wote wa nyumba ile tukienda kazini, na taa za petroli ziko kila chumba.

"Anasema petroli ya siku hizi imebadilika, mama. Banachanganya vitu. Ya sasa haitapishwi ata kidogo. Inarudi kwenye mapafu, inaua."

"Ya sasa."

"Ya sasa."

Alifikiri. Niliona anafikiri, nami nikangoja kama nilivyongoja pumzi za mtoto katikati ya mto.

"Na ya zamani?" aliuliza. "Ya zamani ilikuwa inatapishwa?"

"Ndiyo, mama. Ya zamani ndiyo. Ile ilikuwa ni ya kutapisha."

Alikaa ukingoni mwa kitanda, akautengeneza mkono wa gauni la mtoto uliokuwa umejikunja, akaushusha, akaulainisha kwa kidole gumba, tena na tena. Sijui kama aliamini. Mtoto alimnyooshea mikono abebwe. Mama akanitazama kwanza mimi, akangoja, na mimi nikasema, "Mubebe, mama."